BOMBA LILILOLIWA NA KUTU: LAWEZA KUAMINIWA KIASI GANI?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumezoea kuitumia kwa marafiki wanafiki na jamaa wenye husuda. Leo nataka kuitumia kwa kitu kingine kabisa, yaani bomba la chuma linalosafirisha gesi asilia chini ya ardhi. Bomba hilo huliwa kutoka ndani, polepole, miaka na miaka, huku kwa nje likionekana zima kama siku lilipozikwa.

Kuna wenzetu wanaosema ati Kiswahili ni cha ushairi na ngano tu, na kwamba mambo ya sayansi hayawezi kusemwa kwacho. Mimi nasema la hasha! Hebu tuketi pamoja, tutoe kalamu na kikokotoo, tulijibu swali moja kwa Kiswahili: bomba likishaliwa na kutu, wahandisi hujuaje kama bado linaweza kuaminiwa au ni lazima lizimwe? Swali hili si la mtihani tu. Kama tutakavyoona, watu 12 walipoteza maisha kwa sababu halikujibiwa mapema.

1. KUTU NA ULIKAJI

Sote tulifanya jaribio la misumari katika somo la Kemia. Msumari mmoja unatiwa katika neli yenye hewa kavu, wa pili katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, wa tatu katika maji ya kawaida. Baada ya siku chache ni ule wa tatu tu unaoshika kutu, kwa sababu kutu huhitaji maji na oksijeni pamoja.

Sasa basi, mtu mwerevu atauliza: ndani ya bomba la gesi asilia hamna hewa, mna methani tu. Kama oksijeni haipo, kutu inatoka wapi?

Swali zuri! Jibu ni kwamba chuma kinaweza kuliwa hata bila oksijeni. Gesi inapotoka kisimani huja na wageni wengine: mvuke wa maji, kabonidayoksaidi, na mara nyingine haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Kabonidayoksaidi ikikutana na maji huwa asidi hafifu:

CO2 + H2O → H2CO3

Asidi hiyo nayo hukitafuna chuma:

Fe + H2CO3 → FeCO3 + H2

Aidha kuna bakteria wanaoishi mahali pasipo na hewa, na taka wanazotoa huongeza ukali wa maji hayo. Kwa hiyo jina sahihi la jambo hili lote ni ulikaji, kutokana na kitenzi kula, kulika. Kutu ni aina moja tu ya ulikaji, lakini kwa kuwa kila mtu amezoea kusema kutu, nami nitachanganya maneno hayo mawili humu.

Jambo la kukumbuka ni hili: maji ndiyo adui. Gesi ikiwa kavu, bomba hukaa salama. Maji yakiingia, hayakai kila mahali. Hutiririka mpaka mahali palipoinama, yakatulia hapo kama maji ya mvua katika shimo la barabarani. Hapo ndipo mashimo yanapochimbwa.

Kwa upande wa nje bomba huwa na kinga mbili. Ya kwanza ni rangi au utando wa lami au plastiki. Ya pili ni umeme kidogo, au vipande vya zinki au magnesi vinavyounganishwa na bomba ili viliwe vyenyewe badala ya chuma. Kinga hizi ni nzuri sana, lakini zote mbili hulinda ngozi ya nje tu. Hazisaidii lolote ndani.

2. YALIYOTOKEA CARLSBAD

Alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2000, saa kumi na moja na dakika 26, bomba la gesi la kampuni ya El Paso Natural Gas lilipasuka karibu na Mto Pecos, si mbali na mji wa Carlsbad, jimbo la New Mexico nchini Marekani. Chini ya daraja la chuma lililobeba bomba kuvuka mto huo walikuwa wamepiga kambi watu 12, ndugu na jamaa, wakubwa kwa watoto. Walikuwa wamekuja kuvua samaki na kupumzika. Gesi iliyotoka ilishika moto na kuwaka kwa dakika 55. Wote 12 walikufa.

Pale lilipopasuka palibaki shimo lenye upana wa mita 15 na urefu wa mita 34 hivi. Kipande cha bomba kilirushwa mita 87 kutoka hapo.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri ilifanya uchunguzi na kutoa ripoti yake mwaka wa 2003. Wachunguzi walilitazama bomba lile kwa ndani wakakuta mashimo mengi yaliyoungana. Mahali pengine asilimia 72 ya unene wa ukuta ilikuwa imekwisha kuliwa. Kumbe kabla ya kufika hapo palikuwa na mtego wa kukusanyia maji yaliyo ndani ya bomba, lakini mtego wenyewe ulikuwa umeziba kwa kiasi. Maji yakaupita, yakaenda kutulia mbele, mahali palipoinama. Sehemu ile ya bomba haikuweza kupitishiwa chombo cha kusafishia. Hivyo maji yalikaa, yakala, na hakuna aliyeyaona.

Bomba hilo lilikuwa limewekwa mwaka wa 1950, kwa hiyo lilikuwa na umri wa miaka 50. Kwa miaka yote hiyo lilinyamaza. Hapa ndipo ninapotaka tuelewane: ukimya wa bomba si ushahidi kwamba ni zima.

3. HESABU YA BOMBA ZIMA

Tuanze na bomba jipya. Fomula yake ni rahisi, haimshindi mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza:

P = 2 × S × t ÷ D

P ni shinikizo linaloweza kuufanya ukuta wa bomba uanze kunyooka bila kurudi. S ni nguvu ya chuma chenyewe. Kumbuka Sheria ya Hooke: ukivuta waya hurudi, lakini ukipita kikomo haurudi tena, na S ndiyo kikomo hicho. Herufi t ni unene wa ukuta, na D ni kipenyo cha bomba.

Bomba la Carlsbad lilikuwa na kipenyo cha inchi 30, yaani milimita 762. Ukuta wake ulikuwa na unene wa milimita 8.5, na S yake ilikuwa megapaskali 359. Basi:

P = 2 × 359 × 8.5 ÷ 762 = megapaskali 8.0

Lakini mhandisi hakubali kamwe kuliendesha bomba hadi kikomo. Marekani, bomba lililo mashambani mbali na watu huruhusiwa kubeba 0.72 ya kiasi hicho. Watu wakizidi kuwa wengi, ruhusa hupunguzwa hadi 0.60, kisha 0.50, na penye majumba marefu na msongamano hadi 0.40. Kwa Carlsbad, mashambani:

0.72 × 8.0 = megapaskali 5.8 hivi

Naam, na hicho ndicho kiwango cha juu kilichokuwa kimeruhusiwa kwa bomba lile. Sasa sikiliza kwa makini. Asubuhi ile ya ajali shinikizo ndani yake lilikuwa megapaskali 4.65 tu. Hakuna aliyezidisha. Bomba lilikuwa chini ya ruhusa yake kwa karibu asilimia 19, na bado likapasuka!

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ruhusa ile ilikuwa ya bomba lingine. Ilikuwa ya bomba la mwaka wa 1950, lenye ukuta wa milimita 8.5. Bomba hilo halikuwapo tena. Lililokuwa ardhini mwaka wa 2000 lilikuwa na sehemu ambapo ukuta uliobaki ni milimita 2.4 hivi. Karatasi ilisema bomba moja, ardhi ilikuwa na jingine.

Na usidhani megapaskali 4.65 ni kidogo. Gurudumu la gari la kawaida hujazwa hadi 0.2 hivi. Hii ni zaidi ya mara 20. Ni kama kuweka mfuko wa saruji wa kilo 50 juu ya kila eneo lenye ukubwa wa ukucha wa kidole, ndani ya bomba zima.

4. HESABU YA BOMBA LENYE SHIMO

Je, kila shimo la kutu ni hatari? La. Kama kila bomba lenye kovu lingetupwa, dunia isingekuwa na mabomba. Kwa hiyo watafiti wa Marekani walichukua mabomba yaliyolika, wakayajaza hadi yakapasuka, moja baada ya jingine, wakiandika shimo lilikuwa na kina gani na urefu gani. Kutokana na majaribio hayo ilipatikana fomula ambayo chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ASME, kilichapisha mwaka wa 1984 kwa jina la B31G. Ni ndefu kidogo lakini usiogope, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: tafuta M, namba inayoonyesha urefu wa shimo unadhuru kiasi gani. Chukua urefu wa shimo, L, uzidishe kwa wenyewe. Gawanya kwa (D × t). Zidisha kwa 0.8. Ongeza 1. Kisha tafuta kipeuo cha pili.

Hatua ya pili: tafuta k, yaani theluthi mbili ya sehemu ya ukuta iliyoliwa.

Hatua ya tatu: shinikizo la kupasuka = 1.1 × P × (1 − k) ÷ (1 − k ÷ M)

Ile 1.1 imewekwa kwa sababu chuma kikishaanza kunyooka hakikatiki papo hapo, huvumilia kidogo.

Tuchukue bomba lile lile la inchi 30 na tuseme lina shimo lenye urefu wa milimita 200, lililokula nusu ya ukuta.

L × L = 40,000. D × t = 762 × 8.5 = 6,477. Ukigawanya unapata 6.18. Mara 0.8 ni 4.94. Ukiongeza 1 ni 5.94. Kipeuo chake cha pili ni 2.44, ndiyo M yetu.

k = theluthi mbili ya 0.5 = 0.333

Kupasuka = 1.1 × 8.0 × 0.667 ÷ 0.863 = megapaskali 6.8

Tukiweka tahadhari ileile ya 0.72 tunapata megapaskali 4.9. Kwa hiyo bomba hili halipaswi tena kubeba 5.8. Liendeshwe kwa 4.9 au chini yake, au sehemu hiyo ikatwe na kubadilishwa. Lakini halijafa! Nusu ya ukuta imeliwa na bado linaweza kufanya kazi, mradi linajulikana lilivyo. Jambo hili lilinishangaza sana.

Sasa mbona urefu una maana? Fikiria kiondo. Uzi mmoja ukikatika, nyuzi za jirani hubeba mzigo wake na viazi havianguki. Lakini nyuzi 20 zilizofuatana zikilegea, hakuna jirani wa kusaidia, na viazi vyote viko chini. Shimo fupi husaidiwa na chuma kizima kilicho kando yake. Mashimo yaliyoungana huwa mfereji mmoja mrefu usio na msaidizi.

Fomula yenyewe inasema kwamba katika bomba hili shimo likizidi urefu wa milimita 360, lihesabiwe kuwa mfereji, na kinachobaki ni 1.1 × P × sehemu ya ukuta iliyobaki. Tuseme mfereji umekula asilimia 72:

1.1 × 8.0 × 0.28 = megapaskali 2.5

Linganisha na 4.65 iliyokuwa ndani ya bomba asubuhi ile. Hesabu ya mistari mitatu! Kilichokosekana ni mtu kujua kwamba kuna shimo la kuhesabu.

5. KUONA NDANI BILA KULIPASUA

Utajuaje basi kilicho ndani ya bomba lenye urefu wa mamia ya kilomita, limefukiwa, limejaa gesi? Kuna njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni chombo ambacho Wazungu wamekibandika jina la nguruwe. Usicheke, ndilo jina lake kazini. Hutiwa upande mmoja wa bomba, gesi yenyewe ikakisukuma hadi upande wa pili. Nguruwe wa kawaida husafisha tu, husukuma maji na uchafu nje. Nguruwe mwenye akili hubeba sumaku zenye nguvu. Sumaku hizo huujaza ukuta wa bomba usumaku. Penye ukuta mzima, mistari ya usumaku hupita ndani ya chuma kwa utulivu. Penye shimo, chuma ni chembamba, mistari hukosa nafasi na kuvuja nje, na vipimo vya chombo huandika mahali hapo. Nguruwe akitoka, wahandisi wanasoma orodha ya mashimo, mahali yalipo, kina chake na urefu wake.

Njia ya pili ni kulijaza bomba maji na kulisukuma kupita shinikizo la kazi. Kama kuna mahali dhaifu, patapasuka mbele ya mafundi badala ya mbele ya watu waliolala. Kwa nini maji na si gesi? Kumbuka somo letu la sheria za gesi. Gesi hubanwa, ikabeba nishati nyingi kama springi. Maji hayabaniki kwa urahisi, kwa hiyo bomba likipasuka maji humwagika tu na mlipuko haupo. Lakini baadaye lazima bomba likaushwe vizuri, au utakuwa umemkaribisha adui mwenyewe ndani.

Njia ya tatu ni ya mabomba ambayo nguruwe hawezi kupita, kama ile sehemu ya Carlsbad, kwa sababu ya kona kali, vali nyembamba au kipenyo kinachobadilika. Wahandisi huchora miinuko na mabonde ya njia ya bomba, wakahesabu ni wapi maji yangetulia kwanza. Wanachimba hapo, wanapima unene kwa mawimbi ya sauti. Wakikuta ukuta ni mzima mahali maji yanapopenda kukaa, wanapata imani kwamba mbele yake pia ni salama. Wakikuta umeliwa, wanaendelea kuchimba.

6. KIPIMO NACHO HAKISEMI KILA KITU

Hapa ndipo penye utamu wa somo, na ndipo neno kuaminiwa linapoingia.

Nguruwe akisema shimo limekula asilimia 50, je, ni 50 kamili? Watengenezaji wa vyombo vya sumaku kwa kawaida hueleza kwamba kipimo huwa ndani ya asilimia 10 ya unene, juu au chini, kwa mara 8 kati ya 10. Maana yake shimo la 50 ni kati ya 40 na 60 kwa mara 8. Mara moja huenda likawa dogo kuliko 40. Na mara moja kati ya 10 huenda likawa limepita 60.

Turudi kwenye fomula yetu tuweke asilimia 60 kwa shimo lilelile la milimita 200. Kupasuka ni megapaskali 6.3, na ukiweka tahadhari ya 0.72 unapata 4.55. Hii imekwisha kuwa chini ya 4.65! Tofauti ya asilimia 10 tu imetutoa kwenye usalama.

Mtu atasema, aa, nafasi ni moja tu kati ya kumi, si neno. Bas, tuseme bomba lina mashimo 20 ya namna hiyo, yote yameandikwa 50. Uwezekano wa shimo moja kuwa chini ya 60 ni 0.9. Uwezekano wa yote 20 kuwa chini ya 60 ni 0.9 mara 0.9 mara 0.9, hivyo hivyo mara 20. Tumia kikokotoo: ni 0.12. Kwa hiyo uwezekano wa kwamba walau shimo moja limepita 60 ni 0.88. Yaani karibu mara 9 kati ya 10!

Umeona? Ukitazama shimo mojamoja, kila moja linaonekana salama. Ukilitazama bomba zima, karibu ni hakika kuna moja linalokudanganya. Na bomba halihitaji kupasuka mahali 20. Mahali pamoja panatosha. Ndiyo maana mhandisi mzuri hasemi bomba hili ni zima au bomba hili ni bovu. Husema uwezekano wa kupasuka ni kiasi hiki, kisha anauliza: ni nani anayeishi karibu nalo?

7. KUTU HAILALI

Kuna jambo moja lililobaki, nalo ni wakati. Kipimo cha leo ni cha leo. Tuseme shimo letu la nusu ukuta linazidi kuliwa kwa milimita 0.2 kila mwaka. Kutoka 4.25 (asilimia 50) hadi 5.1 (asilimia 60) ni milimita 0.85. Gawanya kwa 0.2: ni miaka 4 na miezi mitatu. Kwa hiyo ni lazima mtu arudi kupima kabla ya hapo, na kwa tahadhari arudi nusu ya muda huo, baada ya miaka miwili.

Baada ya ajali ya Carlsbad na nyinginezo, Marekani ilipitisha sheria mwaka wa 2002 kwamba mabomba ya gesi yaliyo karibu na watu wengi yakaguliwe, kisha yarudiwe angalau kila miaka 7. Hiyo ni hatua njema. Lakini hesabu yetu inaonyesha kwamba miaka 7 ni ukomo wa juu tu. Kutu haisomi kalenda ya serikali. Kama inakula haraka, nawe rudi haraka.

8. YATUHUSU NINI SISI?

Huenda unasema, hayo ni ya Marekani, sisi huku tunapika kwa makaa na mtungi. Kwanza tusichanganye: gesi ya mtungi ni propani na butani, gesi asilia ni methani. Lakini gesi asilia haiko mbali. Mwaka wa 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba. Mwaka wa 2015 likazinduliwa bomba jingine kutoka Mtwara, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Na mwezi wa Mei 2021 Kenya na Tanzania zilitia sahihi makubaliano kuhusu kuisafirisha gesi hiyo hadi Mombasa.

Hata kabla ya gesi, tumeishi na mabomba ya mafuta tangu mwaka wa 1978, lile la Mombasa hadi Nairobi lilipoanza kazi. Fomula ya ukuta na shimo ni ileile. Nami jambo hili nalijua kwa miguu yangu, kwa maana njia yangu ya kwenda shule hukata ukanda wa bomba. Kuna vigingi vya alama, na kati yake nyasi tu. Watoto huchezea mpira pale, mama mmoja hufuga mbuzi wake pale, na kila mwaka vibanda husogea hatua moja. Hakuna anayefikiria unene wa ukuta ulio chini.

Tusisahau pia mtaa wa Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011. Hayo yalikuwa petroli, si gesi, wala sisemi kutu ndiyo iliyoyaleta. Lakini petroli ilivuja kutoka kwenye bomba, ikashika moto katikati ya makao ya watu, na zaidi ya watu 100 wakafa. Somo ni moja: madhara ya bomba hupimwa kwa idadi ya walio karibu nalo. Ndiyo maana ile ruhusa ya 0.72 hushuka hadi 0.40 mjini. Vibanda vikisogea, hesabu ya mhandisi hubadilika, hata kama chuma ni kilekile.

Kwa hiyo, mwenzangu, zingatia haya. Usijenge wala kuchimba juu ya ukanda wa bomba. Ukiona nyasi zimekauka mahali pamoja bila sababu, au mapovu yakitoka kwenye maji, au ukisikia mlio kama wa nyoka, ondoka kwa kuelekea upande upepo unakotoka. Usiwashe kiberiti, usiwashe gari, wala usipige simu mpaka ufike mbali. Usingoje harufu, kwa sababu methani yenyewe haina harufu. Harufu huongezwa na watu, na si katika kila bomba.

HITIMISHO

Bomba lililoliwa na kutu laweza kuaminiwa, lakini kwa masharti manne. Tujue shimo liko wapi. Tujue kina na urefu wake. Tujue kipimo chetu kinaweza kupotoka kiasi gani. Na tujue linakua kwa kasi gani. Sharti moja likikosekana, tunachokiita kuamini huwa ni kubahatisha. Watu wa Carlsbad hawakuuawa na fomula ngumu. Waliuawa na mahali ambapo hapakutazamwa.

Baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wengine machifu, wengine madiwani wa kutoa vibali vya kujenga. Mkifika huko, ulizeni: mara ya mwisho mlitazama ndani lini?

MSAMIATI

Ulikaji – kuliwa kwa chuma na asidi, maji au kutu
Shinikizo – nguvu inayosukuma juu ya eneo fulani
Kipenyo – upana wa duara kupitia katikati
Kipeuo cha pili – namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa namba uliyopewa
Ukanda wa bomba – ardhi iliyoachwa wazi juu na kando ya bomba

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Bomba lina kipenyo cha milimita 500, ukuta wa milimita 10 na S ya megapaskali 300. Tafuta P, kisha ruhusa yake mashambani.
2. Nguruwe ameandika mashimo 10, kila moja asilimia 50. Kuna uwezekano gani kwamba walau moja limepita 60?
3. Eleza kwa nini zinki iliyounganishwa na bomba kwa nje isingeliokoa bomba la Carlsbad.

Majibu: (1) 12 na 8.64. (2) 0.65. (3) Hilo nakuachia, jibu liko katika sehemu ya kwanza.